Landrova Kuukuu na Barabara za Unyambwa

Motokaa kuukuu inapotengenezwa upya na kutolewa sokoni, muuzaji hutaja kwanza mwaka wake, kisha namba ya chasisi, kisha rangi. Kwa Landrova habari hizo zote hurudi mahali pamoja, nako ni Solihull, katika Uingereza, ilikoundwa. Walakini gari lililotumika miaka thelathini katika nchi ya Singida lilikaa Solihull siku chache tu. Umri wake ulikwisha katika mchanga, mawe na tope la sehemu kama Unyambwa, na habari za umri huo ndizo zisizotiwa katika tangazo la mauzo.

Landrova ilionyeshwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na humo alitumia Jeep iliyobaki ya vita. Akaona kwamba kampuni yake yaweza kuunda gari la namna ile kwa ajili ya mkulima. Chuma wakati huo kiligawiwa kwa kipimo, basi bodi ikafanywa kwa bati la aluminiamu. Bei ilikuwa paundi 450. Wenyewe walidhani ni kazi ya muda tu, mpaka biashara ya motokaa za kawaida itakapotengemaa. Nao walikosea kwa miaka 68, kwa maana ukoo ule wa magari haukukoma kuundwa Solihull hata Januari, 2016.

Huku Tanganyika gari hilo halikuwa la mkulima. Lilikuwa gari la Serikali: la Bwana Shauri, la daktari, la bwana shamba na bwana mifugo. Sababu yake yaonekana upesi kwa mtu aijuaye nchi ya Wanyaturu. Unyambwa, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Singida, imo katika nyanda za juu kavu zenye majabali makubwa ya mawe, na mvua yake huja kwa msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Katika kiangazi njia ni vumbi na mawe. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hushika gurudumu kama ulimbo. Tena tawi la reli lililojengwa katika miaka ya 1930 kutoka Manyoni hata Kinyangiri liling'olewa katika miaka ya 1940, Singida ikabaki kutegemea barabara. Mahali kama hapo, kishikio kidogo kinachoyatia nguvu magurudumu yote manne si pambo. Aghalabu ndicho kilichoamua kama mgonjwa atafika hospitali siku ile au atalala njiani.

Chombo hakina bwana mmoja, hata hivyo. TANU nacho kilipata Landrova yake, na Julius Nyerere akazunguka nchi nayo akidai uhuru, katika barabara zile zile walizopita maofisa wa Serikali aliyokuwa akiipinga. Baada ya 1961 gari halikubadilika. Walibadilika waliokaa ndani yake.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980 ndiyo iliyo muhimu zaidi katika habari hizi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mafuta yalipanda bei, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na spea zikawa adimu. Landrova zilizouzwa kwa mnada wa Serikali ziliingia mikononi mwa wafanyabiashara, na kutoka hapo katika gereji bubu. Huko fundi asiye na kitabu cha kiwanda aliunga chasisi iliyopasuka, akapiga ribiti bati jipya juu ya la kale, na injini ya petroli ilipokufa akatia ya dizeli ya Isuzu au Nissan. Gari likaendelea kupakia abiria, mahindi na vitunguu. Fundi huyo hakuhifadhi kitu cha kale, alitafuta riziki. Lakini pasipo yeye pasingekuwa na kitu cha kuhifadhi.

Kisha Toyota ikashika nchi, watu wakapata neno shangingi, na Landrova ikawa ya uzee. Huko Ulaya mambo yakageuka: mwaka 2016 kampuni yenyewe ilitangaza kutengeneza upya magari 25 ya toleo la kwanza, kila moja kwa paundi 60,000 hata 80,000. Tangu hapo aliye na Landrova ya kale hutazama uani kwake kwa jicho jingine. Nchi kavu ina faida yake: katika Uingereza chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chasisi kwa ndani, lakini hewa ya Singida huitunza.

Hapo ndipo penye neno. Mnunuzi hutaka gari kama lilivyotoka kiwandani, na ili kumridhisha, kila kiraka huondolewa. Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Yataka ustadi na subira. Ila mtu akiuita usafi huo asili, amekosea, kwa kuwa viraka navyo ni asili, tena vina ushahidi ambao namba ya chasisi haina. Kadi ya gari yaweza kuonyesha wenyewe waliopokezana. Haionyeshi mkono uliounga ekseli. Alama ya mkono huo ikishasuguliwa na kupakwa rangi ya kijani, hakuna pengine pa kuisoma.

Injini ya Isuzu haimo katika bei. Hubaki uani, imeegemezwa juu ya matofali, ikingoja gari jingine.