Mzigo Usiopimwa: Kutoka Njia ya Misafara hadi Uwanja wa Kwata

Msafara wa karne ya 19 uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulipita Tura, Rubuga na Kigwa, jirani na ilipo Igalula ya leo. Mpagazi wa Kinyamwezi alipimwa kwa mzigo: takriban farasila 2, yaani kilo 32 hivi, mbali na chakula na silaha zake mwenyewe. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Safari ndiyo iliyokuwa mafunzo yake, na ndiyo iliyokuwa mtihani wake.

Wanawake nao walikuwamo njiani. Walibeba vyungu na vyakula, mara nyingi na mtoto mgongoni. Jioni, wanaume wakishatua, wao waliingia kwenye kuni, maji na mapishi. Wengi wao hawakuandikwa katika hesabu ya ujira, kwa kuwa mzigo wao haukupimwa kwa farasila. Hawakushindwa mtihani. Mtihani ulitungwa bila wao.

Naikumbuka historia hii kila unapozuka mjadala juu ya tathmini ya makuruta wa polisi. Mbio zina saa, na shabaha ina matundu ya risasi. “Ujasiri” na “uongozi” vina jicho la mkufunzi tu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa tathmini zipatazo 81,000 za viongozi wa kijeshi walio mafunzoni, takriban 4,000. Katika alama za darasani na za utimamu wa mwili, wanaume na wanawake hawakutofautiana. Katika maneno ya kuwaeleza, wanawake walibandikwa sifa mbaya nyingi zaidi.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliacha Jeshi la Polisi nje ya vifungu vyake vingi, lakini si nje ya kifungu cha 7 kinachokataza ubaguzi. Kifungu hicho kinaruhusu kutofautisha watu pale inapodaiwa na sharti la msingi la kazi yenyewe. Basi kazi ya polisi ni ipi? Anayemsikiliza mtoto aliyebakwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto anafanya kazi ya polisi sawa na anayemkimbiza jambazi. (Sisemi kwamba dawati ni la wanawake, huko ni kuwarudishia vyungu.) Fomu ya tathmini ya kuruta, awe mwanamume au mwanamke, inaitengea kazi hiyo ya kwanza alama ngapi, na nani anayezitoa?