Kidachi cha Jikoni

Mwanafunzi aanzaye Kijerumani huambiwa kuwa lugha hiyo ni ngumu kwa ajili ya vijineno vitatu, der, die na das, vitanguliavyo majina. Naona ugumu huo hupungua mtu akiubeba pamoja na kikapu chake mpaka Kariakoo. Mchele ni der Reis, kitunguu ni die Zwiebel, chumvi ni das Salz. Sisi wenye ngeli nyingi kuliko hizo hatuna haki ya kuzistaajabia tatu.

Jikoni somo huendelea lenyewe. Mchele uoshwapo, der hugeuka den, nao husemwa den Reis waschen. Kitunguu na chumvi hazigeuki. Kuutia mchele sufuriani ni in den Topf, lakini ukiisha kutulia humo wachemka im Topf. Sisi twasema sufuriani pote pawili, tukakiachia kitenzi kazi ya kueleza kama kitu chaenda au chakaa. Tena, kitenzi ambacho katika sentensi kamili ya Kijerumani hushika nafasi ya pili, katika kitabu cha mapishi hukaa mwisho, kwa umbo kama letu la ku-: vitunguu kumenya, vitunguu kukata. Hapana aamriwaye.

Basi yafaa tuulize. Wadachi, kama wazee wa pwani walivyowaita Wajerumani, walihamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakakaa hata Septemba 1916 Waingereza walipouteka mji. Wapishi waliowapikia miaka 25 mbona hawakuturithisha Kidachi cha jikoni?

Jibu ni kwamba amri za jikoni zilitolewa kwa Kiswahili. Serikali ilitawala kwa lugha hiyo, na maofisa walifundishwa Berlin katika chuo cha lugha za Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1887. Wako Wajerumani waliopinga Mwafrika kufundishwa Kijerumani, wakihofu kuwa atafahamu yasiyomhusu. Bwana alijifunza kiasi cha sarufi ya mpishi kilichomtosha kuamrisha. Sarufi ya bwana mpishi hakufunguliwa mlango wake. Neno lililobaki midomoni mwetu ni la sokoni: hela, yaani Heller, sarafu iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia kwa rupia moja. Mpishi alikwenda nayo kununua, muuzaji akaipokea, na koloni ilipoanguka neno halikuanguka nayo. Shule nalo ni la Wadachi. (Kariakoo yenyewe si yao: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, iliyotafunwa ikatoholewa.)

Hata hivyo wako waliokipata Kijerumani barabara. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, naye akawa askari angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, akanyimwa. Alibaki huko akiwa mhudumu wa mezani katika Haus Vaterland, jumba kubwa la mikahawa, na wakati uo huo akiwafundisha Wajerumani Kiswahili chuoni. Mtu huyo mmoja, basi, alipokea maagizo ya chakula kwa Kijerumani na kusahihisha maagizo ya Kiswahili ya wanafunzi wake. Sijui mwingine katika historia yetu aliyezishika ncha zote mbili za jambo hili.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen, tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 lilitiwa bamba dogo la shaba njiani, katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba aliyokaa. Laanza kwa maneno Hier wohnte, hapa aliishi, kitenzi kikiwa katika nafasi yake ya pili, na jina lake lafuata.