Robo Mwaka na Nusu Mwaka: Kalenda Mbili za Chuo

Ndugu zangu mliopita shuleni kwetu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani sasa, mwaka wa mihula miwili mnaujua kama mnavyoijua kengele ya bwalo. Nilipokwenda Mlimani nilikuta mambo ni yale yale, ila kwa jina jingine: semista mbili, kila moja takribani majuma 15 ya masomo. Majuma mawili ya mwanzo, tuseme kweli, yalikuwa ya foleni za usajili, kutafuta chumba na kulingojea bumu. Vitabu tulivifungua baadaye, na bado tulifaulu.

Kwa mazoea hayo nilipanda ndege mwezi Septemba 2009 kwenda kusomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha umma jimboni Ohio, Marekani. Kule mwaka ulikatwa robo nne: ya vuli, ya baridi, ya machipuko na ya kiangazi. Robo moja ilikuwa na majuma 10 ya masomo, kisha juma la mitihani. Nikajiambia nianze polepole, kwanza niizoee baridi. Juma la nne mtihani wa katikati ukafika. Nilipata alama 38 kwa 100. Ufadhili wangu ulidai wastani wa B, na majuma yaliyobaki yalikuwa 6 tu. Usiku ule sikulala. Nilimwaza baba, aliyekwisha kuwatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe yuko Marekani, akija kunipokea uwanja wa ndege kabla ya Krismasi.

Nilinusurika, kwa B ya mwisho mwisho na kwa kulala maktaba. Lakini nilibaki na hasira, nikataka kumjua mtu aliyebuni kalenda ile.

Nikamkuta William Rainey Harper, naye mzaliwa wa Ohio hiyo hiyo, mwaka 1856. Alimaliza chuo akiwa na miaka 14, na kabla ya kutimiza 19 alikuwa na shahada ya udaktari ya Yale. Alikuwa mwalimu wa Kiebrania. Wakati wa kiangazi alifundisha Chautauqua, New York, ambako watu wazima, wakiwemo walimu wa shule, walitumia likizo yao kujisomea. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1892, kwa fedha nyingi za John D. Rockefeller, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Hakuona sababu ya majengo ya thamani ile kufungwa miezi mizima kila mwaka. Akaugawa mwaka robo nne zenye hadhi sawa. Mwanafunzi aliweza kuanza robo yoyote, kupumzika robo yoyote, na kuhitimu mwisho wa robo yoyote. Mwalimu alifundisha robo tatu, akapumzika moja.

Shabaha, basi, haikuwa kuwakimbiza vijana. Ilikuwa kumfungulia mlango mtu mwenye kazi yake. Georgiana Simpson, mwanamke mweusi aliyekuwa mwalimu huko Washington, aliondolewa bwenini Chicago mwaka 1907 kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa. Aliendelea kusoma, zaidi wakati wa kiangazi, na mwaka 1921 akapata udaktari, mmoja wa wanawake weusi watatu wa kwanza Marekani kuupata, wote mwaka ule ule.

Nami niliyaona haya kwa macho yangu robo ya kiangazi ya 2010. Darasani niliketi karibu na mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akija kila kiangazi kwa mwaka wa tano. Septemba alirudi kwa watoto wake wa darasa la tatu. Hakuwahi kuomba likizo hata siku moja. Mimi niliyeilaani kalenda ile nilinyamaza.

Chuo Kikuu cha California nacho kiliingia katika robo mwaka 1966, wakati watoto waliozaliwa baada ya vita walipofurika vyuoni na majengo yakatakiwa kutumika mwaka mzima. Berkeley ilirudi kwenye semista mwaka 1983. Ohio nako vyuo vya umma vilivyobaki na robo vilihamia semista mwaka 2012, mimi nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani. Siwalaumu. Insha ndefu haiivi kwa majuma 10, na kijana atokaye sekondari hana haja ya kukimbizwa hivyo. Pahali ambapo robo ya nne haina watu, kinachobaki katika mpango wa Harper ni haraka tu.

Ila kazi yangu ya sasa hunikumbusha yule mama. Kwenye meza yangu hupita mafaili ya watumishi wanaoomba ruhusa ya masomo. Chuo Kikuu Huria kimewasaidia wengi, lakini wapo wanaotaka darasa na mwalimu mbele yao, nao huomba miaka mitatu. Juma lililopita lilikuja la mwalimu wa hisabati wa shule ya kijijini, na mkuu wake ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba hana wa kumwachia vipindi. Bado sijalitia sahihi.