Vileo nchini Shelisheli

Kwa muda mrefu Shelisheli ilijipatia vileo vyake shambani. Kalou ni tembo la mnazi: mgema hukata ncha ya karara asubuhi na jioni, na utomvu mtamu uliokingwa huanza kuchacha siku hiyohiyo, ukawa mkali kesho yake. Baka hutokana na maji ya miwa. Kwa kuwa kalou haikai, haikuweza kusafirishwa mbali wala kuwekwa ghalani, na huo ndio udhaifu uliofungua mlango kwa chupa.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1970. Uwanja wa ndege wa Mahé ulifunguliwa mwaka 1971, watalii wakaongezeka, na kiwanda cha Seychelles Breweries kikaanza kupika bia ya SeyBrew. Ramu ya Takamaka, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutengenezwa katika shamba la kale la La Plaine St. André. Mvinyo na wiski huagizwa kwa meli, hivyo bei zake hufuata nauli, ushuru na thamani ya rupia. Ugemaji, ustadi unaostahili kuenziwa, umebaki mikononi mwa wachache.