Kwa Nini Wazee Wetu Hawaiamini Karatasi ya Daktari

Mjomba wangu alianguka kutoka juu ya mnazi, hapa hapa Wasini. Nyonga haikurudi sawa. Leo anatembea na gongo, na kwenda kuvua ni hadithi ya zamani. Tukamwambia, mjomba, twende ukapimwe upate kadi ya watu wenye ulemavu. Akakubali shingo upande.

Boti hadi Shimoni, bodaboda, matatu, halafu foleni. Mara ya kwanza tukaambiwa madaktari wa kupima hawakai siku hiyo. Mara ya pili alipimwa, na mle ndani hakumaliza dakika tano. Jibu likaja: hajafikia kiwango. Sababu? Haikuandikwa. Hospitali siitaji jina, manake hii si habari ya hospitali moja. Kwenye boti ya kurudi mjomba alisema hivi tu: "Wamenipima nyonga. Kisiwa hawajakipima."

Kama hujawahi kufika Wasini, elewa kwamba gari hakuna. Njia zetu ni mawe ya matumbawe, na ukitaka kwenda popote ni kupanda na kushuka boti. Nyonga ambayo pale Ukunda ingekuwa "usumbufu kidogo", huku kwetu inakufungia nyumbani.

Sasa nikiongea mambo haya, kuna vijana wananijibu ati wazee wa pwani ni wagumu tu, hawapendi hospitali. Jamani, hapana. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kusoma sikuacha. Na nikisoma historia naona wazee wana sababu.

Rudi mwaka 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika mpaka huku kwetu. Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika, na mapigano yakafika hadi Gazi. Waingereza walihitaji watu wa kubeba mizigo ya jeshi, na ndipo ikazaliwa Carrier Corps, ile ambayo ulimi wetu uliifanya Kariakoo. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa wa kuwakusanya wanaume. Daktari alikuwepo, ndio. Lakini swali lake halikuwa "unaumwa wapi?" Swali lilikuwa "mwili huu utabeba?" Hesabu rasmi zilitaja vifo zaidi ya 40,000 vya wabebaji. Wanahistoria wengi wanakadiria vilikaribia 100,000, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na nimonia. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kuwafikia watu wao. Kwa hiyo mara ya kwanza babu zetu wengi kupimwa na daktari wa serikali, kipimo kilikuwa cha kuwachukua.

Vita vikaisha, kikaja kipande. Kuanzia miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kubeba karatasi ya kumtambulisha na kuonyesha rekodi yake ya kazi, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Mtu mwingine anaandika, wewe unabeba. Alichoandika ndicho ukweli, hata kama si kweli. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mazoea ya kuiogopa karatasi yalipoota mizizi.

Uhuru ulikuja, na sheria zikabadilika, tena nyingine nzuri kabisa. Chukua Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile watu wanaita WIBA. Mfanyakazi akiumia moja kwa moja asiweze kufanya kazi tena, analipwa mshahara wa miezi 96. Akipoteza sehemu ya uwezo, analipwa asilimia ya hiyo. Na asilimia inatoka kwa nani? Kwa daktari.

Tupige hesabu. Mshahara 15,000 mara 96 ni 1,440,000. Daktari akiandika asilimia 10, unapata 144,000. Akiandika 40, unapata 576,000. Mguu ni uleule, kalamu ndiyo tofauti. Mtu akikuambia anamshuku daktari aliyelipiwa na mwajiri, usimcheke. Sheria yenyewe ilipingwa kortini na chama cha mawakili, kesi ikazunguka miaka kumi, hadi Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba inasimama. Tarehe hiyo hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Na hata hivyo, WIBA ni ya mtu aliyeajiriwa. Mvuvi na mkwezi wa minazi hawana mwajiri. Mjomba hayumo.

Basi turudi kwenye kadi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, Baraza la Taifa likaundwa mwaka uliofuata. Hapa wengi wetu tunachanganya mambo, na mimi pia nilichanganya. Kadi si pesa. Kadi inakufungulia mlango wa mambo kama msamaha wa kodi, na msamaha huo unagusa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Safi sana kwa mwenye payslipu. Kwa mtu wa ngalawa unamsaidia nini? Pesa taslimu za Inua Jamii, zile 2,000 kwa mwezi, ni za familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kuangaliwa saa zote. Mjomba anajiogesha mwenyewe. Kwa hiyo hana ulemavu wa kutosha kupata pesa, na hana uzima wa kutosha kutafuta pesa. Amekwama katikati, na waliokwama pale ni wengi.

Angalia pia sensa. Mwaka 2009 Wakenya wenye ulemavu walihesabiwa asilimia 3.5. Mwaka 2019 ikawa asilimia 2.2. Je, watu walipona? Wapi! Maswali na namna ya kuhesabu vilibadilika. Ukibadilisha kipimo, unabadilisha idadi ya watu wanaohesabika.

Na usidhani ni Afrika tu. Uingereza walianzisha mwaka 2008 mtindo wa kupima kama mgonjwa anaweza kufanya kazi, na upimaji wakaupa kampuni ya Atos. Watu wengi waliambiwa wako fiti, wakakata rufaa, na wengi wakashinda. Mwaka 2012 Atos hao hao walikuwa wadhamini wa Paralimpiki za London, na watu wenye ulemavu wakaandamana mlangoni kwao. Kule kuna barabara za lami na lifti, na bado imani ilivunjika. Sembuse huku.

Sisemi madaktari ni wabaya. Wengi wamezidiwa na foleni kuliko sisi. Sisemi pia kwamba udanganyifu haupo. Wapo wazima wanaosaka kadi ili wakwepe kodi, na hao ndio wanaomkazia mjomba kamba. Upimaji lazima uwepo. Ninachokataa ni upimaji usiotoa sababu, unaomfanya mtu mwenye gongo avuke bahari mara tatu huku mpimaji hajavuka hata mara moja.

Halafu kuna kitu ambacho babu zetu wa kipande hawakuwa nacho. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inasema uamuzi wa kiserikali ukigusa haki yako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Si hisani, ni haki. Mei 2025 tulipata pia sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Isomeni. Kama una mama, shangazi au jirani aliyekataliwa, msaidie kuandika barua. Wewe una simu na unajua kuandika, yeye huenda ana gongo tu.

Ya mjomba nimeiandika jana usiku, kurasa mbili. Nimeeleza njia za mawe, nimeeleza boti, nimeomba sababu. Alinisikiliza nikimsomea, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Watajibu kweli?"

Nikamwambia sijui, mjomba. Lakini safari hii karatasi tumeandika sisi. Jumatatu tunavuka.