Msamaha usio na kosa

Anayeomba msamaha huwa ana kosa: kamkanyaga mtu, au kasahau deni. Hospitali za umma za Tanzania zina msamaha wa namna nyingine. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, ilibidi wapatikane wa kuondolewa kwenye malipo: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo. Utaratibu huo ukaitwa msamaha. Kwa wahasibu neno halikuwa geni. Ni lilelile la msamaha wa kodi.

Kwa mgonjwa, maana ya zamani haijabaki getini. Bibi aliyeshikishwa bili ya kitanda, vipimo na dawa anaambiwa, "Nenda kaombe msamaha, mama," naye anaingia ofisini ameinama kama mshitakiwa. Wapo wanaoona afadhali wakakope. Kumbe kinachofanyika humo ni kazi ya kawaida: ofisa ustawi wa jamii anamhoji, anasoma barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha anaamua bili ifutwe yote au ipunguzwe.

Mimi jambo hili ningeliita stahili. Lakini neno lililokwisha gongwa muhuri (na fomu zimechapwa!) halitoki kirahisi.

Basi ukiwa na mgonjwa wodini asiyejiweza, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii mapema, bili ikiwa bado ndogo, wala usiingie umeinama.