Kipimaugasumaku

Magnetomita ni neno lenye heshima zake, ila kwa fundi redio wa Mbeya au Iringa halisemi kitu. Wenye haraka huandika kipimasumaku, na hapo ndipo tunapopotea. Chombo hiki hakipimi sumaku. Kinapima uga wake, yaani eneo ambamo nguvu yake inafika hata kama sumaku yenyewe huioni. Uga tunao tangu zamani: kiwanja cha wazi mbele ya nyumba. Kwa hiyo naandika kipimaugasumaku. Refu kama treni ya TAZARA, lakini kila behewa lina mzigo.

Cha kwanza nilikiunda Iringa kwa chupa ya jemu. Kisumaku nilikigundisha mgongoni mwa kipande cha kioo, nikakining'iniza kwa unyuzi mmoja uliochomolewa kwenye soksi ya nailoni, nikakimulika kwa leza. Kioo kikigeuka digrii 1, nukta nyekundu kwenye ukuta ulio mita 3 husogea sentimita 10. Saa nzima nukta ilicheza nikilaumu upepo. Kumbe funguo mfukoni mwangu! Nacho, kwa haki, hakipimi: kinaonyesha tu mwelekeo unavyobadilika. Kiitwe kionyeshi.

Kupima hasa kunataka chupa ya maji iliyozungushiwa koili. Umeme wa sekunde chache huzipanga protoni za maji. Ukikatwa ghafla, protoni huyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Myumbo huo huzaa umeme hafifu kwenye koili, na kikuza sauti huugeuza filimbi. Uga wa dunia hapa Nyanda za Juu Kusini, wa nanotesla kama 32,000, hulia karibu na hezi 1,360. Usijaribu chini ya bati: chuma huuvuruga uga, protoni hupoteza mwendo wa pamoja, filimbi inakufa. Nenda shambani.

Kwa sababu hiyohiyo filimbi ni taabu Liganga, Ludewa (Iringa hiyo, kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012), kwenye miamba ya magnetiti. Na Kimondo cha Mbozi, kilichokuwa cha Mbeya hadi Songwe ilipozaliwa mwaka 2016? Ni bonge la chuma na nikeli. Sogeza dira, sindano inapinda. Mwenye kipimasumaku atauliza sumaku iko wapi. Haipo, chuma kimepinda uga wa dunia tu.